Tajiri Aliyejivika Umaskini: Hesabu za Filamu ya Coming to America

Filamu ina historia mbili. Ya kwanza ni ile ionekanayo kitambaani, nayo huandikwa na wachambuzi wa sanaa. Ya pili imo katika daftari la mapato na matumizi, nayo aghalabu haiandikwi na mtu, kwa kuwa wenye daftari hawapendi lifunguliwe. Mara chache mahakama hulifungua kwa nguvu, na hapo mwanafunzi wa historia hupata nafasi ambayo si vema aipoteze. Filamu ya Coming to America, iliyotolewa na kampuni ya Paramount tarehe 29 Juni 1988, ni mojawapo ya hizo chache. Ni filamu ya mapenzi na mzaha, iliyopendwa Marekani na nje yake, ikaleta fedha nyingi mlangoni mwa majumba ya sinema, kisha ikaingia majumbani mwa watu kwa njia ya kanda za video. Juu ya hayo yote, kampuni iliyoitoa ilisimama mbele ya jaji ikasema kwamba filamu hiyo haijaleta faida hata senti moja.

Kisa chake chajulikana na wengi, nami nitakitaja kwa ufupi. Akeem, mwana wa mfalme wa Zamunda, nchi ya Afrika isiyopatikana katika ramani yoyote, akataa mke aliyechaguliwa na wazazi wake, akafunga safari mpaka Queens katika mji wa New York kutafuta mwanamke atakayempenda yeye mwenyewe wala si taji lake. Ili apate hilo, aficha utajiri wake, apanga chumba kibovu, ashika kazi ya kupiga deki katika mkahawa wa hambaga, na humo ampenda binti wa mwenye mkahawa. Msomaji wa Kiswahili hawezi kukutana na kisa kama hiki akakiona kigeni. Katika Alfu Lela Ulela, Harun Rashid hutembea usiku Baghdad akiwa amevaa mavazi ya mfanyabiashara, na ngano zetu hazikosi mwana wa sultani aliyejifanya fukara. Naomba sura hiyo ya tajiri aliyejivika umaskini ikumbukwe, maana tutaikuta tena mahali pasipotazamiwa.

Eddie Murphy ndiye aliyekuwa Akeem, na kwa ufundi wa Rick Baker, mpambaji wa nyuso, akawa pia wazee wawili wa kinyozi na mwimbaji mmoja asiye na sauti. John Landis aliongoza. David Sheffield na Barry Blaustein waliandika mchezo wake. Na katika maandishi ya mwanzo wa filamu ilitangazwa kwamba hadithi ni ya Eddie Murphy. Tangazo hilo fupi ndilo lililozua kesi.

Kwanza mapato. Katika mwisho wa juma wa kwanza filamu ilikusanya Marekani dola zaidi ya milioni 21, na kabla ya kuondolewa katika majumba ya sinema ilikuwa imekusanya huko dola milioni 128. Nchi nyingine ziliongeza kama milioni 160, jumla ikawa dola milioni 288. Katika mapato ya Marekani ya filamu za mwaka ule ilitanguliwa na mbili tu, Rain Man na Who Framed Roger Rabbit. Gharama ya kuitengeneza ilitajwa kuwa chini ya dola milioni 40. Mtu aliyezoea hesabu za duka atatoa arobaini katika mia mbili themanini na nane, naye ataona faida kubwa imesalia. Lakini hesabu za sinema si hesabu za duka, na kosa la kwanza la wengi waandikao habari za filamu ni kuidhani fedha ya mlangoni kuwa ni fedha ya mtengenezaji.

Fedha ya tikiti huanza safari yake mikononi mwa mwenye jumba la sinema. Yeye hubakiza sehemu yake, ambayo kwa kukadiria ni karibu nusu, akapeleka iliyobaki kwa msambazaji. Msambazaji wa filamu hii alikuwa Paramount yule yule. Kufikia mwanzo wa mwaka 1990, kwa maneno ya kampuni yenyewe, zilikuwa zimeifikia kama dola milioni 125 kutoka kila upande. Kiasi hicho peke yake ni zaidi ya mara tatu ya gharama iliyotajwa. Hata hivyo taarifa ile ile ilionyesha chini yake kwamba filamu ina upungufu wa dola milioni 18. Kazi ya makala haya ni kueleza jinsi milioni 125 zilivyoweza kugeuka kuwa upungufu, na kwa nini ugeuzi huo ulikuwa, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya maneno kuliko ya tarakimu.

Aliyetaka kujua alikuwa Art Buchwald, mwandishi wa makala za dhihaka mjini Washington, aliyetunukiwa tuzo ya Pulitzer mwaka 1982. Yeye na rafiki yake Alain Bernheim, mtayarishaji wa filamu, walimpelekea Jeffrey Katzenberg, aliyekuwa mkuu wa utengenezaji katika Paramount, muhtasari wa kurasa chache. Paramount ikaununua mwaka 1983 kwa nia ya kumpa Eddie Murphy nafasi ya kwanza, nao ukaitwa King for a Day. Ulisimulia habari za mtawala wa Kiafrika, tajiri mwenye majivuno, aliyekuja Marekani kwa ziara ya kiserikali. Huku nyuma akapinduliwa, akabaki mtaani kwa maskini wa Washington bila fedha wala watumishi, akapata kazi ya kuandalia watu chakula, na mwishowe akamwoa mwanamke mweusi aliyemhurumia. Waandishi kadhaa walikabidhiwa kazi ya kuugeuza muhtasari huo kuwa mchezo kamili, fedha nyingi zikatumika, wala mchezo wa kuridhisha haukupatikana. Katzenberg akahamia Disney mwaka 1984. Mwezi Machi 1985 Paramount ikauacha mpango huo, na mwaka 1986 Buchwald akaupeleka kwa Warner Bros. Kisha mwanzoni mwa 1988 Warner nao wakauacha, kwa kuwa walisikia kwamba Paramount inatengeneza filamu ya mwana wa mfalme wa Kiafrika anayekuja Marekani, na Eddie Murphy ndiye mchezaji wake.

Wengi hudhani kwamba Buchwald alishtaki kwa kuibiwa maandishi. Sivyo. Alishtaki kwa mkataba. Mkataba wake ulisema kwamba Paramount ikitengeneza filamu iliyojengwa juu ya kazi yake, atalipwa kiasi fulani pamoja na sehemu ya faida safi. Bernheim naye alikuwa na ahadi ya namna hiyo. Kwa hiyo swali la kwanza halikuwa kama maneno ya kitabu kimoja yamo katika kingine, bali kama filamu ilizaliwa na wazo lile. Paramount ilijibu kwamba mfalme wa Buchwald ni mjeuri na mwana wa mfalme wa Murphy ni mpole, kwamba mmoja alipinduliwa na mwingine alisafiri kwa hiari yake, na kwamba jambo la mtu mkubwa kuonja maisha ya wadogo ni la zamani kuliko Hollywood. Hoja hii ya mwisho ni ya kweli, kama tulivyoona. Lakini jaji Harvey Schneider wa mahakama ya Los Angeles aliona zaidi ya hayo. Aliona kwamba Paramount ilikuwa na muhtasari huo mkononi kwa miaka miwili, kwamba Murphy aliwahi kuelezwa habari zake, na kwamba katika mchezo mmoja ulioandikwa wakati ule kwa ajili ya King for a Day mfalme anaajiriwa katika mkahawa wa chakula cha haraka na kumshinda mnyang'anyi kwa mpini wa fagio la kupigia deki. Aliyeitazama Coming to America anaukumbuka mpini ule. Mwezi Januari 1990 jaji akahukumu kwamba filamu ilijengwa juu ya kazi ya Buchwald, akaongeza kwamba hukumu yake haikusudii kukidharau kipaji cha Eddie Murphy.

Hapa naomba ruhusa ya kusema neno moja pembeni. Watu wawili wa Marekani, mwandishi mzungu wa Washington na mchekeshaji mweusi wa New York, walishindania mahakamani nani aliyemzaa mfalme wa Kiafrika, na katika mashindano hayo Afrika yenyewe haikuitwa hata kutoa ushahidi. Ufalme wa Buchwald ulikuwa wa kubuni, na wa Murphy wa kubuni, wenye tembo bustanini na vijakazi wa kumtandazia mwana wa mfalme maua njiani. Sisemi hili kwa kulaumu, kwa kuwa mzaha una haki ya kubuni nchi. Nasema tu kwamba thamani ya nchi hiyo iliyobuniwa ilipimwa kwa dola, na kipimo kikaleta ugomvi.

Basi Buchwald alishinda, akaenda kupokea sehemu yake ya faida safi, akaambiwa kwamba faida safi hakuna.

Neno hili, faida safi, lina historia yake. Mwaka 1950 mchezaji James Stewart, kwa shauri la wakala wake Lew Wasserman, alikubali kucheza katika filamu ya Winchester '73 ya kampuni ya Universal bila mshahara wake mkubwa wa kawaida, kwa ahadi ya kupata sehemu ya faida. Alitajirika, na wachezaji wengine wakajifunza kwake. Kampuni nazo zikajifunza. Kidogo kidogo mkataba ukaacha kusema faida kwa maana ya watu wote, ukaanza kusema faida kama inavyofasiriwa katika nyongeza ya mkataba, na nyongeza ikarefuka mwaka hata mwaka. Katika lugha ya kawaida faida safi ni mapato kutoa gharama. Katika nyongeza hiyo ni kitu kinachobaki baada ya kampuni kujilipa kwanza kwa kazi ya kusambaza, kisha kujirudishia gharama za matangazo na nakala, kisha kujirudishia gharama za kutengeneza, kisha kujitoza riba. Kila hatua ina mlango wake wa siri.

Ujira wa kusambaza ulikuwa thelathini mpaka arobaini kwa mia ya yote yaliyopokewa, bila kujali kazi ya kusambaza iligharimu kiasi gani. Juu ya gharama za matangazo iliongezwa 10 kwa mia kuwa ni gharama za ofisi ya matangazo. Juu ya gharama za kutengeneza iliongezwa 15 kwa mia kuwa ni gharama za kuendesha studio, ingawa kiasi hicho hakikupimwa kwa matumizi yoyote ya kweli. Kisha riba ilitozwa juu ya gharama, na riba ikatozwa pia juu ya ile 15 kwa mia ambayo haikuwa fedha iliyokopwa na mtu. Tena Murphy hakuwa na haja ya kungoja faida safi: yeye alilipwa dola milioni 8 na 15 kwa mia ya mapato ghafi, na Landis dola 600,000 na 10 kwa mia. Malipo hayo yaliyotoka katika mapato yaliandikwa kuwa gharama ya kutengeneza, yakaongezewa 15 kwa mia, yakatozwa na riba. Hivyo kadiri filamu ilivyopata fedha zaidi, gharama yake nayo ilipanda. Ni kama mtu anayepanda ngazi ambayo yenyewe inazama ardhini. Murphy aliijua siri hii. Alipohojiwa kwa kiapo aliziita sehemu za faida safi kuwa ni sehemu za nyani, maana mwenye akili hazipokei.

Sasa tuje kwenye kanda za video, ambazo katika mabishano ya watu husahauliwa, nami naona ndizo zenye somo kubwa zaidi la historia.

Katika mwaka 1977 mtu mmoja wa Michigan, Andre Blay, aliyekuwa na kampuni ndogo iitwayo Magnetic Video, aliandikia studio za Hollywood akiomba ruhusa ya kuuza filamu zao katika kanda. Wakati huo mashine za Betamax zilikuwa zimeingia sokoni miaka miwili tu, na za VHS ndiyo kwanza zinaingia Marekani. Twentieth Century-Fox peke yake ndiyo iliyokubali, ikampa filamu 50. Biashara ilikuwa ya Blay na hasara ingekuwa yake. Fox ilipokea malipo ya mbele na ujira wa haki, kama mwandishi wa kitabu apokeavyo ujira kwa mchapishaji. Biashara ikafanikiwa upesi kuliko alivyotazamia yeyote, na mwaka 1979 Fox ikainunua kampuni nzima. Studio nyingine zikaanzisha idara zao za video. Mwezi Januari 1984 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura tano dhidi ya nne, ikaamua kwamba si kosa mtu kurekodi nyumbani kipindi cha televisheni akitazame baadaye, na mashine ikaenea. Kufikia mwisho wa miaka ya themanini nyumba nyingi za Marekani zilikuwa na mashine hiyo, na fedha za kanda zilikuwa zimezipita fedha za tikiti.

Jambo la kustaajabisha ni hili. Kazi ya video ilipokuwa ya watu wa nje, ilikuwa haki kabisa kwamba studio iandike katika daftari la filamu ule ujira wa haki tu, maana hakuna kingine ilichopokea. Desturi iliyokaa ni 20 kwa mia. Lakini idara ya video ilipokuwa mali ya studio yenyewe, desturi haikubadilika: idara ilikusanya mia, ikaipa filamu ishirini, na themanini zikabaki upande wa pili wa ukuta, katika nyumba ile ile. Tuchukue mfano. Kanda moja ikiuzwa kwa mwenye duka kwa dola 50, katika daftari la filamu ziliandikwa 10. Katika hizo 10 ukatolewa tena ujira wa kusambaza. Kutengeneza kanda yenyewe kuligharimu dola chache. Hivyo mtu mwenye sehemu ya faida safi aliona filamu yake imejaa katika maduka yote ya mji, na katika taarifa yake akaona sehemu ndogo tu ya fedha ile.

Yafaa pia kujua kwa nini kanda iliuzwa kwa bei kubwa hivyo. Kwa sheria ya Marekani, anayenunua nakala halali aweza kuikodisha mara mia bila kumlipa tena mwenye haki. Studio zilipoona kwamba wenye maduka wanakodisha kwa dola chache kila usiku, zilipandisha bei ya nakala mpaka themanini na tisini, zipate mara moja zile ambazo hazingeweza kuzipata kidogo kidogo. Paramount ndiyo iliyokuwa mbele kuijaribu njia nyingine: mwaka 1982 iliuza Star Trek II kwa dola 39.95, na mwaka 1987 ikauza Top Gun kwa dola 26.95, ili mtazamaji anunue aweke nyumbani kama anunuavyo kitabu. Kwa maneno mengine, kampuni hii haikuwa mgeni katika video wala haikuiona kama jambo dogo la pembeni. Ilikuwa miongoni mwa walioifundisha Hollywood thamani yake. Filamu ya mapenzi na mzaha inafaa sana kwa biashara hii, kwa kuwa watu huitazama tena na tena, pamoja na jamaa, wakijua kila mzaha kabla haujatamkwa.

Waandishi wa michezo ya filamu waliiona hatari hii mapema. Mwaka 1985 chama chao kiligoma kwa sababu ya kanda za video, na mgomo ukavunjika baada ya majuma mawili. Kipimo cha malipo kikabaki kuhesabiwa juu ya ile 20 kwa mia. Walipogoma tena kuanzia Novemba 2007, dai la kuongezewa malipo ya diski walilitupa kando wakitumaini suluhu, wakashughulika na intaneti. Desturi iliyozaliwa kwa biashara ya mtu mmoja wa Michigan ilikuwa imetimiza miaka thelathini.

Turudi mahakamani. Awamu ya pili ya kesi ilikuwa juu ya nyongeza ya mkataba. Wakili wa Buchwald, Pierce O'Donnell, alidai kwamba nyongeza hiyo haikujadiliwa na mtu, bali hupewa kila mwandishi asiye na nguvu aichukue au aiache. Paramount ilijitetea kwa hoja ambayo nadhani ndiyo bora iliyopata kutolewa upande wake: kwamba filamu nyingi hula hasara, na chache zinazofanikiwa hapana budi zilipe madeni ya zilizoanguka, ukimpa kila mtu faida ya filamu moja moja, studio itakufa. Hoja hii haistahili kudharauliwa. Mvuvi hawezi kugawa samaki wote wa siku moja ya bahati akasahau siku kumi alizorudi na nyavu tupu. Lakini hoja ya namna hiyo yataka ushahidi, na ushahidi wenyewe ni vitabu vya hesabu vya studio nzima. Jaji alipoonyesha nia ya kumweka mtaalamu wa hesabu avichunguze vitabu hivyo, Paramount iliiondoa hoja yake. Ilichagua kushindwa kwa daftari lililofungwa kuliko kushinda kwa daftari lililofunguliwa. Hapo ndipo ninapomwona Akeem: mwenye mali, amesimama na fagio mkononi, akiomba aaminiwe kuwa ni maskini. Tofauti ni kwamba Akeem aliificha mali yake ili apendwe kwa haki, nao waliificha wasidaiwe kwa haki.

Mwezi Desemba 1990 jaji alitaja vifungu saba vya nyongeza kuwa ni vya kidhalimu visivyoweza kukubaliwa na mahakama. Miongoni mwao zilikuwa zile nyongeza za 15 na 10 kwa mia zisizolingana na gharama za kweli, riba juu ya gharama za ofisi, riba juu ya malipo ya washiriki wa mapato, na kiwango cha riba chenyewe. Msomaji ataona kwamba ile desturi ya 20 kwa mia ya video haimo katika orodha hiyo ya saba. Magazeti yaliandika kwamba uhasibu wa Hollywood umevunjwa. Kumbe jiwe kubwa kuliko yote lilibaki mahali pake.

Awamu ya tatu ilikuwa ya malipo, na hapa historia yatutilia maji tembo letu. Mtu angetazamia kwamba baada ya kuviondoa vifungu vile jaji angeihesabu upya filamu, ulimwengu ukajua mwishowe ilileta faida kiasi gani. Hakufanya hivyo. Aliona ni heri kukadiria thamani ya kazi yao katika soko, na mwezi Machi 1992 akawapa Buchwald dola 150,000 na Bernheim dola 750,000. Walikuwa wameomba zaidi ya milioni 6. Kampuni ilikata rufani, na mwaka 1995 pande mbili zikapatana kabla rufani haijasikizwa, jambo ambalo maana yake ni kwamba hukumu ya vifungu saba haikupata kuthibitishwa na mahakama ya juu ili iwafunge wengine. Mwaka uliotangulia, 1994, Paramount hiyo hiyo ilitoa Forrest Gump, iliyokusanya ulimwenguni dola zaidi ya milioni 600, na Winston Groom, aliyeandika kitabu chake na kuahidiwa sehemu ya faida safi, akaambiwa kwamba faida bado. Hukumu ilikuwapo, ila mkataba haukuwa umeisikia. Hata hivyo siwezi kukubaliana na wasemao kwamba kesi ilikwenda bure. Kabla yake hesabu hizi zilikuwa uvumi wa mezani. Baada yake ni kumbukumbu za mahakama, na mwanafunzi aweza kuzisoma kifungu kwa kifungu. Wakala wa mwandishi asiyezisoma leo hana udhuru.

Kuna watazamaji wengine ambao hawakuingia katika daftari lolote, nao ni sisi. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, ilhali Zanzibar ilikuwa nacho tangu miaka ya sabini. Kwa hiyo katika miji ya bara wenye televisheni wengi walikuwa nayo kwa ajili ya deki ya video, na sinema za ng'ambo ziliingia kwa kanda zilizonakiliwa kutoka nakala ya nakala, mpaka nyuso zikawa na ukungu. Baadaye vikaenea vibanda vya video, ambamo watu huketi katika mabenchi kwa kiingilio kidogo, na wasimulizi kama Lufufu wakajipatia sifa kwa kuzigeuza filamu za kigeni kwa Kiswahili na kuzitia utani wa huku. Jina la Zamunda hutajwa kwa kicheko katika Afrika Mashariki na watu ambao hawakulipa tikiti hata moja ya Paramount. Kwa sheria hiyo ni hasara ya mwenye haki, wala sitaki kuipamba. Lakini kwa mwanahistoria inaonyesha kwamba hizo dola milioni 288 hazipimi wingi wa waliotazama. Hupima tu wale waliopita mbele ya mlango wenye mtu wa kuhesabu.

Art Buchwald alifariki Januari 2007. Filamu iliendelea kuuzwa, kwanza katika kanda, kisha katika diski, kisha katika mitambo ya kutazamia kwa intaneti. Baadaye Paramount ikatengeneza ya pili, Coming 2 America, ikiongozwa na Craig Brewer, Murphy akirudi kuwa Akeem. Ugonjwa wa korona ulipofunga majumba ya sinema mwaka 2020, kampuni iliona heri kuiuza filamu nzima kwa Amazon, nayo ikaonyeshwa kwa njia ya intaneti kuanzia Machi 2021. Haina mapato ya mlangoni ya kuandikwa, kwa kuwa hakukuwa na mlango. Bei iliyotangazwa ilikuwa kama dola milioni 125, kiasi kile kile ambacho Paramount ilikiri mwaka 1990 kuwa imekipokea kwa filamu ya kwanza, ikasema hakitoshi.